MIKOPO YA NYUMBA NA HATARI ZAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa, na kupigwa chapa humu kwa ombi la Halmashauri)



 Nilipoipokea barua ya Bwana Katibu nilidhani naitwa kukagua hesabu za mwaka, kwa kuwa nilifanya kazi ya ukarani wa mikopo katika chama cha akiba kwa muda wa miaka ishirini na miwili. Kumbe sivyo. Barua ilieleza kwamba Halmashauri imepokea ombi lililotiwa sahihi na wanachama thelathini na mmoja, wengi wao vijana, wakitaka Mfuko wetu wa Maziko uruhusiwe kuwa dhamana kwa mwanachama yeyote atakayekopa fedha za kujenga au kununua nyumba. Tena ilisema kwamba kabla ya kura kupigwa ni vyema mtu aeleze mambo mawili: ni nini kinachowafanya watu waitake mikopo hiyo, na ni nini kinachowafanya washindwe kuilipa.

Sikuja kuwatisha vijana, wala sikuja kuwabembeleza wazee. Haja waliyoitaja vijana hawa ni haja ya kweli. Mtu mwenye mke na watoto akiambiwa na mwenye nyumba ahame kabla ya mwisho wa mwezi, hujiona si mtu kamili. Nami nimewahi kuambiwa hivyo. Lakini Mfuko wa Maziko nao ni amana. Uliwekwa shilingi kwa shilingi na watu ambao wengine wao tumekwisha wazika. Kwa hiyo yatupasa tuseme kwa taratibu, na tusikilizane.

HAJA HII SI NGENI

Haja ya nyumba katika mji huu ni ya zamani. Mwaka 1939 vibarua na makuli wa Mombasa waligoma, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa fedha za kulipia kodi ya nyumba. Serikali ya wakoloni ikaunda tume ya kuchunguza hali zao. Siku zile Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini; akimaliza kazi, arudi kwao. Kwa hiyo alipewa kitanda, hakupewa nyumba. Fikira hiyo ilianza kugeuka polepole. Mwaka 1953 iliundwa Halmashauri Kuu ya Nyumba, nayo Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, katika taarifa yake ya mwaka 1955, ilipendekeza mfanyakazi wa mjini awezeshwe kukaa na jamaa zake kwa utulivu. Baada ya uhuru, mwaka 1965, lilianzishwa shirika la kukopesha fedha za nyumba, Housing Finance Company of Kenya, kwa ushirika wa Serikali yetu na shirika la maendeleo la Uingereza.

Basi mlango wa mkopo wa nyumba umekuwa wazi kwa zaidi ya nusu karne. Je, ni wangapi waliopita? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta kaya zaidi ya milioni 12 katika Kenya. Na taarifa za Benki Kuu zilionyesha kwamba mwisho wa mwaka 2020 mikopo ya nyumba iliyokuwa katika mabenki yote ilikuwa yapata 27,000 tu. Yaani katika kila kaya elfu moja, ni mbili na kitu. Tena wastani wa mkopo mmoja ulikuwa zaidi ya shilingi milioni 8. Hizo si nyumba za karani, mwalimu wala dereva.

KWA NINI WENGI WANATAKA NYUMBA, NA WACHACHE WANATAKA MKOPO

Wako wasemao kwamba watu wetu wanaogopa deni. Mimi sikubali. Watu wetu hukopa kila siku: hukopa dukani, hukopa katika vyama vya akiba, na tangu mwaka 2012, ilipoanza mikopo ya simu, hukopa hata wakiwa kitandani usiku wa manane. Hawaogopi deni. Mkopo wa nyumba wanaukwepa kwa sababu zinazoeleweka, nami nitazitaja nne.

Sababu ya kwanza ni kipato. Mkopeshaji hutaka kuona mshahara usiobadilika, ulioandikwa katika karatasi. Mama auzaye samaki Kongowea huenda akawa na kipato kikubwa kuliko karani, lakini leo kikubwa, kesho hakuna, wala hakuna karatasi ya kukithibitisha. Na kwa yule mwenye mshahara, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imeweka mpaka: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Mwenye makato ya chama cha akiba, ya kodi ya Serikali na ya mambo mengine, hukuta nafasi ya mkopo wa nyumba imekwisha kuliwa.

Sababu ya pili ni ardhi. Hapa Pwani jambo hili mnalijua kuliko mimi. Wako watu katika mitaa yetu wenye nyumba nzuri za mawe, walizorithi kwa baba zao, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya mtu mwingine, nao humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hiyo ndiyo nyumba bila ardhi. Mtu huyo ni tajiri machoni pa majirani, na mbele ya benki ni mpangaji. Na bara nako, kwa wale wenzetu watokao huko, shamba la ukoo lina mambo yake. Chini ya sheria ya mwaka 1967, shamba la kilimo haliuzwi wala haliwekwi rehani bila ya kibali cha Baraza la Ardhi la mahali hapo. Hata kibali kikipatikana, mkopeshaji anajua kwamba siku ya mnada hakuna jirani atakayethubutu kununua shamba lenye makaburi ya babu za watu. Kwa hiyo hulikataa tangu mwanzo.

Sababu ya tatu ni gharama za mlangoni. Mtu hudhani kwamba akipata mkopo amepata nyumba. Lakini mkopeshaji hatoi thamani yote. Hutaka mnunuzi alete fungu lake mwenyewe. Kisha kuna mthamini, kuna wakili, kuna bima, na kuna kodi ya stempu, ambayo kwa ardhi ya mjini ni shilingi 4 katika kila mia. Mtu mwenye nia njema hukwama hapo, na mara nyingi hapo ndipo huanza kukopa mkopo wa pili ili aupate wa kwanza. Huyo amekwisha kuanguka kabla ya kuingia nyumbani.

Sababu ya nne ni ya moyo. Wengi wetu tuna nyumba mbili katika fikira zetu. Moja ni ya mjini tunapofanyia kazi, na ya pili ni ya kwetu, tutakapozikwa. Mtu akipata fedha hujenga kwao kwanza, asije akafa na maiti yake ikakosa mlango wa kutokea. Siwalaumu wafanyao hivyo. Lakini mkopeshaji huiogopa nyumba anayoihesabu mwenyewe kuwa kambi, kwa kuwa siku ya shida ndiyo itakayoachwa kwanza.

HESABU YA RIBA

Sasa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwani hatari kubwa imejificha ndani yake. Tuseme mtu amekopa shilingi 2,000,000, alipe kwa miaka 15. Kama riba ni 9 kwa mia kwa mwaka, atalipa yapata shilingi 20,290 kila mwezi. Kama riba ni 14 kwa mia, atalipa yapata 26,640. Kama ni 22 kwa mia, atalipa zaidi ya 38,000. Nyumba ni ile ile, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni neno moja katika mkataba.

Tena tazameni hili. Katika riba ya 14 kwa mia, mwaka wa kwanza mkopaji hulipa jumla ya shilingi 319,600 hivi. Deni lake hupungua kwa shilingi ngapi? Kwa 42,300 tu. Zote zilizobaki ni riba. Ndiyo sababu mtu aliyelipa kwa uaminifu miaka mitatu huja ofisini akipiga meza, akisema ameibiwa, kwa kuwa deni ni kama halikuguswa. Hakuibiwa, hakuelezwa. Na asiyeelezwa huvunjika moyo, na aliyevunjika moyo huacha kulipa.

Katika nchi hii mikopo mingi ya nyumba ina riba inayopanda na kushuka. Mwanzoni mwa mwaka 2011 riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa chini ya 6 kwa mia. Bei za vitu zikapanda, shilingi ikaanguka, na kufika Desemba mwaka ule ule riba hiyo ilikuwa 18 kwa mia. Wakopeshaji nao wakapandisha zao. Mwaka 2016 Bunge liliweka mpaka wa riba za mabenki, usizidi 4 kwa mia juu ya riba ya msingi. Lakini mabenki yakapunguza kuwakopesha watu wadogo, na mpaka huo ukaondolewa Novemba 2019. Kwa hiyo mkopaji asitegemee kwamba sheria itamlinda daima dhidi ya kupanda kwa riba.

YANAYOMWANGUSHA MKOPAJI

Katika miaka yangu ya ukarani niliwaona wengi walioshindwa kulipa. Watu husema kwamba asiyelipa ni mwovu. Wako wachache wa namna hiyo, nami niliwajua, kwani huja na maneno mengi na nguo nzuri. Lakini wengi walikuwa watu wema waliopatwa na moja ya mambo haya: kuachishwa kazi, ugonjwa katika nyumba, ugomvi wa mume na mke, kifo, au riba kupanda. Jambo moja peke yake mtu mwenye akiba huweza kulistahimili. Yakija mawili kwa pamoja, huanguka.

Na kuna mambo mawili yanayoonyesha mapema ni nani atakayeanguka. La kwanza ni fungu aliloweka mwenyewe. Aliyetoa fedha zake robo ya bei huipigania nyumba hata kwa kushinda njaa. Aliyekopa bei yote, pamoja na gharama zake, hana cha kupoteza, naye hukata tamaa upesi. Wamarekani walijifunza hayo kwa uchungu kuanzia mwaka 2007, walipowakopesha watu nyumba bila fungu lao na kwa riba iliyoanza chini kisha ikapanda. Watu wakaziacha nyumba hizo kwa maelfu, na mabenki makubwa yakaanguka.

La pili ni madeni yasiyoandikwa. Karatasi ya mshahara haionyeshi kwamba mtu anamsomesha mdogo wake, wala kwamba ameahidi mchango wa arusi, wala kwamba anadaiwa na mkopeshaji wa mtaani. Karani huhesabu yaliyo katika karatasi na kusema, "Huyu anaweza." Lakini sisi wanachama wenziwe tunajua kwamba hawezi. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Katika kazi yangu niliona mara nyingi kwamba matanga hayo huanza siku ile mtu anapoficha deni moja ili apewe jingine.

YALIYONIPATA MIMI

Bwana Mwenyekiti, ingekuwa rahisi kwangu kusema haya yote kama mtu aliyesimama pwani akiwatazama wengine wakizama. Lakini mimi pia nilizama, na nimeona haya kuwaficha wazee wangu kwa miaka mingi. Mganga hajigangi.

Mwisho wa mwaka 2010 nilikopa shilingi 2,000,000 katika benki moja ya mjini, ili ninunue nyumba ndogo Mikindani. Riba ilikuwa 14 kwa mia, miaka 15. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 72,000. Nililipa mwaka mzima bila kukosa. Januari 2012 nikapata barua kwamba riba yangu sasa ni 22 kwa mia, na malipo ya mwezi yametoka 26,640 hadi 37,670. Zaidi ya nusu ya mshahara ilikwenda huko, na watoto watatu walikuwa shuleni.

Mimi, niliyewashauri watu wengi waje ofisini mapema, sikwenda. Nililipa nusu mwezi wa kwanza, nusu mwezi wa pili, na mwezi wa tatu sikulipa kitu. Barua za benki nilizitia katika boksi la viatu juu ya kabati. Mke wangu alizikuta siku alipokuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakunipigia kelele. Alizipanga mezani kwa tarehe, akaniuliza, "Baba Rehema, hii nyumba ni yako au ni yetu?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake tulikwenda benki pamoja. Niliomba wanizidishie miaka, malipo yapungue. Yule bibi aliyetupokea alinionyesha hesabu ambayo mimi mwenyewe nilipaswa kuijua: kwa riba ile, riba peke yake ya mwezi ilikuwa karibu 35,900. Hata kama wangenipa miaka mia, malipo yasingeshuka chini ya hapo. Kwa hiyo mke wangu akakata shauri. Tuliipangisha nyumba ile, tukahamia vyumba viwili Magongo, sote watano, kwa muda wa miaka miwili na nusu. Kiwanja nilichokuwa nacho kwetu nilikiuza, nikalipa malimbikizo. Tangu Julai 2012 Benki Kuu ilianza kushusha riba ya msingi, na yangu ikashuka nyuma yake, polepole. Tukarudi nyumbani.

Nyumba ile ipo hata leo. Lakini haikuokolewa na elimu yangu ya hesabu. Iliokolewa na mke ambaye sikumshauri, na kiwanja ambacho nilikuwa na bahati kuwa nacho. Asiyekuwa na vyote viwili nyumba yake ilipigwa mnada.

SHERIA INASEMAJE

Kwa kuwa wengi hudhani kwamba mkopeshaji anaweza kuja kesho na dalali, nitaeleza utaratibu kwa kifupi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopaji akichelewa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji huweza kumpa ilani ya maandishi, nayo humpa muda usiopungua miezi mitatu kulipa alichochelewesha. Asipolipa, hupewa ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa. Kisha dalali naye hutakiwa kutoa ilani ya siku 45. Ukijumlisha, ni yapata miezi saba. Na kabla ya kuuza, mkopeshaji hutakiwa kuithamini nyumba, na kutafuta bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo.

Miezi saba si michache. Mtu anayesema mapema huweza kupangisha, huweza kuuza mwenyewe kwa bei njema, huweza kuomba nafasi. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kazi, Benki Kuu ilitangaza kwamba wakopaji wenye shida wazungumze na mabenki yao wapate kuongezewa muda hata mwaka mmoja. Waliokwenda walisikilizwa. Lakini mficha uchi hazai, na mwenye kuficha barua hanufaiki na sheria yoyote.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Akina mama, naomba mlishike neno hili. Msitie sahihi karatasi msiyosomewa. Nanyi akina baba, msiione sahihi ya mke kuwa kikwazo. Kwangu mimi ingalikuwa kinga.

JUU YA OMBI LILILO MBELE YETU

Sasa nafika kwenye Mfuko. Waombaji wanasema kwamba fedha zimelala benki bila kazi, na kwamba Chama cha ustawi kisichowastawisha walio hai hakina maana. Neno hilo ni zito, na sitalidharau.

Lakini tazameni kazi zetu. Wanachama wengi hufanya kazi bandarini, katika malori, katika maghala na katika mahoteli. Mwaka 2019, ilipoamriwa makontena yapelekwe Nairobi kwa reli mpya, madereva na wafanyakazi wa maghala walikaa bila kazi, na watu waliandamana katika mji huu mpaka amri ikasimamishwa. Mwaka uliofuata korona ikafunga mahoteli. Katika miaka kama hiyo hashindwi mmoja. Hushindwa hamsini kwa pamoja. Na wakati huo huo michango ya Mfuko hupungua, na maziko huongezeka. Dhamana hii, basi, itaitwa kulipa siku ile ile ambayo haina cha kulipia. Mkopeshaji atachukua fedha zetu kwa haki, kwa kuwa tulitia sahihi. Na mjane atakuja kwa Bwana Katibu kuomba sanda na gari la kumpeleka marehemu kwao, aambiwe kwamba fedha zimelipia nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba Mfuko wa Maziko usiguswe. Lakini tusiishie hapo, maana kukataa bila kutoa njia ni uvivu wa wazee. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tufungue Mfuko wa Nyumba mbalimbali na ule wa Maziko, wa hiari, kwa wale wanaotaka. Kazi yake isiwe kudhamini. Iwe kuwasaidia wanachama kukusanya fungu la mwanzo na gharama za mlangoni, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kila anayekusudia kukopa ajaribiwe kwa miezi sita. Kama leo analipa kodi shilingi 12,000, na mkopo utataka 27,000, aweke 15,000 zaidi kila mwezi katika Mfuko wa Nyumba. Akiweza, amejionyesha mwenyewe kwamba anaweza, na amepata 90,000 za wakili na stempu. Asipoweza, hakupoteza kitu, na amejua ukweli bila dalali kumfundisha. Tena afanye hesabu kama kwamba riba imepanda sehemu 5 juu ya ile aliyoahidiwa, aone kama watoto watakula.

Tatu, Halmashauri ichague watu watatu, mmoja wao awe mama, wa kuwasaidia wanachama kusoma mikataba na kutafuta mkopo ulio nafuu. Siku hizi kuna njia ambazo mimi sikuzipata. Kenya Mortgage Refinance Company, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020, huyapa mabenki na vyama vya akiba fedha za muda mrefu ili wawakopeshe watu nyumba kwa riba isiyofika 10 kwa mia. Na kanuni za mwaka 2020 zilimruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi 40 kwa mia ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kukaa. Lakini hapo nawatahadharisha: atakayetumia akiba ya uzee kununua nyumba ajue kwamba uzeeni atakuwa na mlango, na chakula atakitafuta.

Nne, na hili ndilo kubwa. Mwanachama atakayeshindwa kulipa mwezi mmoja, aje aseme. Asiseme mkutanoni, aseme kwa wale watatu, nao waitunze siri yake kama wanavyotunza siri ya ugonjwa. Sisi watu wa vyama tunajua kukusanyika mtu anapokufa. Hutoa michango, hukesha, hupika. Lakini mtu anapozama katika deni, hukaa peke yake na boksi lake la viatu. Tungalikusanyika miezi saba kabla ya mnada kama tunavyokusanyika siku tatu baada ya kifo, nyumba nyingi zingalisimama.

Vijana wetu, sikuwanyima nyumba. Mimi nataka muwe nazo, na muwe nazo mpaka wajukuu wenu. Wazee wetu, nawaomba msifurahi kwamba ombi limekataliwa. Furahini ikiwa mwaka ujao tutasomewa humu kwamba mwanachama wa kwanza ameingia nyumbani kwake bila ya kulala na hofu. Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina shaka. Lakini kinga yake ni kulijua kabla ya kulichukua, na kulitaja kabla halijakumaliza.

 

(Baada ya hotuba hii na mazungumzo marefu, Mkutano ulikubali kwamba Mfuko wa Maziko ubaki kama ulivyo, na Halmashauri ikaagizwa kutayarisha kanuni za Mfuko wa Nyumba. Wanachama kumi na wanane kati ya wale walioleta ombi waliandikisha majina yao siku ile ile.)